Chemchemi ya Ndani ya Malisho

Kingi, Jumapili baada ya misa

Babu mpendwa,

Ni mimi, Neema. Nitakueleza yote, hata nisiyoyaelewa. Mama anakusalimu sana, na mdogo wangu ameota jino. Uliuliza kwa nini bomba la maji halijafika kwetu.

Mama mmoja mgeni wa mradi wa maji alituita sote kwenye uwanja wa kanisa, akauliza: "Maji yakishuka mpaka hapa, nani atapoteza?"

Watu walicheka. Jirani yetu Papa Bahati akajibu, "Maji iko ya Mungu, Mama. Uulize Yeye!"

Lakini chemchemi ambayo bomba lingeanzia imo ndani ya malisho ya tajiri mmoja, na hataki izungushiwe ua wa kulinda maji, maana ng'ombe wake hunywa hapo. Kila mtu anajua. Sisi tunalima maharage pembeni ya malisho hayo kwa ruhusa yake, na kila Jumatatu Mama huenda kumfyekea majani. Nilimuuliza Mama kwa nini hakuyasema hayo pale uwanjani.

"Nikisema, maharage nitapanda wapi? Mu kanisa?"

Jana yule mama wa mradi alinikuta nachota maji. Akaniambia polepole, "Dada, kuna jambo mnanificha. Nisipolijua, tutaweka bomba na litavunjwa."

Nilitamani kumjibu, Babu. Nikabeba bidoni yangu nikaondoka.

Atarudi Alhamisi. Natamani sana maji, lakini atakayepoteza shamba ni Mama, si mimi. Mwenye pikipiki aliyekuletea barua hii anangoja jibu lako: nimwambie yule mama wa mradi ukweli?