Nguruwe wa Marehemu

Kwako Kaka Aniba,

Tamari amenipokonya kalamu sasa hivi. Ameinyakua kwa mkono wa kushoto, akaitia mdomoni, halafu akanikodolea macho akisubiri nimgombeze. Sikumgombeza. Nimekaa hapa sakafuni nikicheka na kulia pamoja, mwanangu ufizi wote umejaa wino, kwa sababu mkono huo ulikuwa umelala tangu alipougua. Doa utakaloliona hapo juu ni lake, usidhani ni uchafu wangu.

Natumaini wewe ni mzima huko jangwani kwenye reli, na jua la huko halijakukausha. Sisi huku kisiwani tunapumua. Mama goti linamsumbua akishuka ngazi, ila kanisani hakosi, na akirudi hakosi la kusema juu ya waimbaji. Mvua imetushika. Mbu ndio usiseme.

Kaka, juzi uliniuliza kwenye simu kama maandalizi ya karamu ya kufunua jiwe la kaburi la Baba yanakwenda vizuri, nami nikampa Mama simu. Usidhani nilikuwa na haraka. Kwa mdomo ningepiga kelele tu. Nikiandika naweza kutulia.

Unamkumbuka Bronwyn, yule mwanamke wa chuo kikuu cha huko bara anayehesabu mbu. Ulimtania Krismasi ile kwamba akimaliza mbu aanze kuhesabu mchanga. Kazi yake nimekuja kuielewa, hata mimi niliyeacha shule mapema. Kuna kirusi ambacho mbu hukinyonya kwa nguruwe. Nguruwe mwenyewe haumwi, anakilea tu ndani ya damu, hasa nguruwe mchanga. Mbu huyo akija kumuuma mtoto wa mtu, homa inaweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Basi Bronwyn anakusanya mbu wako wangapi, nguruwe wanalala wapi, nyumba ziko wapi, mvua imenyesha kiasi gani, vyote anaviingiza kwenye kompyuta, nayo inapiga hesabu ugonjwa utapita wapi kabla haujapita. Nyumba zenye hatari zinatokea nyekundu, zilizo salama kijani. Nesi wetu alikuwa na chanjo na vyandarua vichache, boti ya dawa ilikuwa haijaja, kwa hiyo akaanzia kwenye nyekundu.

Bronwyn aliniambia hesabu yake haina macho, inaona kwa vinywa vyetu. Watu walikuwa wakimjibu kwa adabu tu ili aondoke, kwa hiyo akaniomba tuzunguke naye nyumba kwa nyumba, mimi niulize kwa lugha yetu. Nikakubali. Nilifurahi, Kaka, nilijiona mtu. Shangazi Wagie akanicheka barabarani, eti Naseli amekuwa daktari wa nguruwe, karibu ataanza kuvaa miwani.

Kila nyumba niliuliza swali lilelile, mna nguruwe hapa? Kila nyumba wakajibu hawana, nguruwe wote wako kwenye zizi la mbali nyuma ya uwanja wa ndege, kama halmashauri ilivyoamuru. Tulipofika kwangu nilimuuliza hata Maluwap, kwa kutania, nikiwa nimeshika kiuno kama askari. Mume wangu akanitazama machoni akasema, “Sina, bibi mkubwa. Nipekue.” Tukacheka sote watatu. Bronwyn akaandika hakuna.

Kwa hiyo nyumba yetu ikatoka kijani. Nami kwa kuwa ilikuwa kijani, nikamwacha Tamari alale barazani penye upepo, bila chandarua, maana joto lilikuwa likimliza. Chandarua chetu cha pekee nilimwazima mama mmoja wa upande wa pili wa kijiji aliyetoka nyekundu, vya nesi vilipokwisha. Nilijiona nimetenda jema.

Homa ilivyoanza unajua, Mama alikusimulia. Hukuniona mimi nilivyokuwa kwenye helikopta ile, nimemshika mtoto aliyekakamaa kama ubao. Madaktari wa hospitali ya Cairns huko bara walipotaja kile kirusi cha nguruwe nikabishana nao. Niliwaambia haiwezekani, kwetu ni kijani.

Tuliporudi, Bronwyn alikuja akaketi pale jikoni. Chai ilipoa hakuigusa. Alisema ameipiga hesabu upya mara nyingi, na kila mara nyumba yangu inatokea ya mwisho kuguswa, ilhali Tamari ndiye wa kwanza kuugua. Kwa hiyo hesabu imekosea, au kuna nguruwe karibu nasi ambaye yeye Bronwyn hakuambiwa habari zake. Nilimkasirikia, Kaka. Nilimwambia mume wangu si mwongo, arudi akajifunze kujumlisha.

Lakini neno lile halikunitoka. Nilikuwa nimezoea kusikia mkoromo kule kwenye mikoko nyuma ya tangi bovu, na Maluwap alikuwa akiniambia ni nguruwe pori. Asubuhi moja nikamwona anaelekea huko na ndoo ya machicha ya nazi. Nguruwe pori gani huyo wa kupelekewa kifungua kinywa? Nikamfuata. Nikamkuta jike kubwa limefungwa kamba, na vitoto vinanyonya. Kutoka pale nililiona godoro la mwanangu barazani.

Maluwap hakukimbia wala hakuomba radhi. Alionekana kushangaa kwamba nalia. Alisema, “Huyu si wangu, Naseli. Ni wa Baba yako, nimeshamwahidi kwenye jiwe lake. Uliniuliza kama nina nguruwe. Mimi sina.” Kaka, alikuwa anaamini kabisa anachosema. Yeye ndiye mkwe, jiko la karamu ile liko mabegani kwake, na kwetu nguruwe akishaahidiwa kaburi hakuna aliye hai anayemwita wake. Nikaelewa pale pale kwamba kila nyumba tuliyopita ilijibu hivyo hivyo. Hesabu ya Bronwyn iliwaona wote walioko zizini, ikawakosa hao tu wanaofugwa mlangoni kwa heshima ya marehemu.

Hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni ni alilosema baadaye, nilipouliza mbona alinificha mimi mkewe. Alisema ni agizo lako. Ulimpigia simu ukamwambia amlete nguruwe karibu anenepe vizuri, ukasema, “Usimwambie Naseli, mdomo wake unavuja, tena amekuwa shoga wa yule mzungu wa mbu.” Ni kweli? Wewe uliyenibeba mgongoni kuvuka kijito tukienda shule? Mlijua mahali anapolala Tamari, wewe na yeye, mkaongea juu yangu kama mtoto.

Sasa ukweli wangu nao upokee. Nguruwe hayupo. Mimi ndiye niliyemwambia Bronwyn. Watu wa mifugo walikuja wakawapiga risasi, jike na vitoto vyake, wakawazika bila kuonja hata kipande. Maluwap alisimama pembeni amefunika uso kwa kofia. Bronwyn alipomwingiza nguruwe huyo kwenye hesabu, upande wetu wote uligeuka mwekundu, na watoto wachanga wa nyumba jirani wakapata chanjo na vyandarua kwanza. Lakini anasema wako wengine, na hakuna anayesema. Kuna mawe mengine ya kufunuliwa mwaka huu, wewe unayajua. Shangazi Wagie ananiita mke wa polisi, akipita anatema mate.

Bado nataka uje. Tutamfunulia Baba jiwe lake kwa kasa na samaki na viazi vikuu, naye hatamtukana mtu. Ila kabla hujaja, wapigie simu wanaume wenzako, uwaambie nguruwe wa marehemu naye anahesabiwa. Wewe watakusikia. Ukifanya hilo nitakupokea kule uwanja wa ndege kwa mikono miwili. Usipofanya nitakupikia, lakini sitakula nawe.

Wasalimie wenzako wa relini. Mama anasema uvae kofia.

Ni mimi mdogo wako,
Naseli

Nilikuwa natafuta bahasha, Kaka, nimerudi kuongeza kidogo. Maluwap ananiita kutoka nje, anasema njoo haraka. Kuna akina mama wamejaa kwenye ngazi na watoto mgongoni, na Shangazi Wagie yuko mbele yao kabeba mjukuu wake, hanitazami usoni. Anasema nimwite Bronwyn aje na kompyuta yake, maana siku ile tulipopita kwake hakusema kwamba nyuma ya jiko lake kuna nguru—