Jina Lako Kwenye Simu za Watu

Hooyo,

Salaam zikufikie, mama yangu, hapo ulipolala, na Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana. Nakuandikia kwa Kiswahili, usinicheke. Kisomali chetu nakiongea tu, kukiandika hakuna aliyenifundisha, na shule yenyewe niliiachia darasa la saba, unajua. Ungekuwepo ungesema, "Andika wewe, mimi nitasomewa." Sasa sijui utasomewa na nani. Naandika hivyo hivyo.

Kwanza, nilijifungua. Wote hapa Garissa walikuwa wanangoja msichana. Majirani walikuwa wameshaanza kuliita tumbo langu Habibo, kwa ajili yako. Akatoka mvulana, mnene, analia kama gari bovu. Tumemwita Suhayb. Mimi nilimfurahia, wallahi, lakini nilipoambiwa ni mvulana niligeuka ukutani kidogo. Nilijua jina lako halitapita kwa huyu.

Biashara ipo. Bado naikata nyama ya ngamia vile ulinionyesha, ndefu kama kamba, naianika, halafu naikatakata ndogo ndogo na kuikaanga. Nyirinyiri yangu haijafika yako. Iliki naweka ile ile, mafuta yale yale, na moto naukalia mwenyewe, lakini kuna kitu mkono wako ulikuwa unafanya ambacho hukuniambia. Au uliniambia nikawa nanyonyesha. Wateja wanasema ni tamu. Wanasema hivyo halafu wananyamaza, na mimi najua wanakukumbuka.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike.

Simu yako sikuizima. Ile namba ya kulipia niliiacha pale pale ukutani, ile karatasi yenye alama ya kidole chako cha mafuta. Mtu akinunua, analipa, halafu simu yake inamwandikia jina la aliyepokea: Habibo Sugow. Kila siku, Hooyo. Asubuhi mwalimu analipa, anasoma kwa sauti, "Habibo Sugow, sawa." Jioni mwenye punda analipa, "Habibo Sugow." Nilikuwa nikisikia hivyo nafanya kama napanga mikebe, kumbe nimesimama tu nasikiliza. Ni kama ulikuwa unaitwa kutoka chumba kile kingine na ungetoka wakati wowote, ukifunga gauni lako kiunoni, ukiuliza nani ananitafuta.

Kwa maana mahali pengine hupo. Kitambulisho changu kinasema Fardosa Abdi Noor. Humo baba yumo, babu yumo. Watoto wangu wana jina la baba yao na babu yao. Wewe uliyenibeba mgongoni kutoka malishoni mpaka mjini, humo kwa karatasi ya mtu yeyote. Umo kwa simu tu.

Unakumbuka siku ulipopata PIN ya kodi, ile namba ya mlipa kodi? Uliingia mlangoni unapunga ile karatasi, unapiga kelele kwa ulimi wako usiopenda P, "Nimebata bini! Nimebata bini!" Nikakwambia, Hooyo, ni PIN. Ukasema, "Ndiyo nasema, bini." Halafu ukakaa chini ukacheka mpaka ukashika mbavu. Ukasema wanaume wana fulani bin fulani bin fulani mpaka wafike kwa Adamu, na wewe leo serikali imekupa bin yako mwenyewe, haina mwanamume ndani. Ulimwonyesha kila aliyepita. Mpaka yule muuza maji ulimwambia, "Uliza bin yangu." Nakumiss hapo, Hooyo. Hapo sana.

Basi akaja mwenye hoteli mmoja wa Dadaab, anayepikia watu wa maofisi. Alionja, akaagiza ndoo kila wiki. Kila wiki! Nilikuwa karibu nimshike mkono. Halafu akasema, "Lakini mimi hesabu zangu zinakaguliwa, dada. Nataka risiti ya kodi. Na mwenye risiti awe hai."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyo tu.

Nikamfunga Suhayb mgongoni nikaenda ofisi ya kodi na kitambulisho chako na karatasi ya kifo. Nilidhani ni kama laini ya simu, unaenda wanaihamisha kwa jina lako. Nikamwambia yule mama wa dirishani, mgeni huku, mpole sana, "Nataka kurithi PIN ya mama yangu." Aliniangalia, akaangalia mtoto. Akasema, "Pole, dada. Hiyo hairithiwi." Nikasema mbona duka ni lile lile, sufuria ni zile zile? Akasema, "Duka lako halina namba. Mama ndiye alikuwa na namba. Mngehama mtaa, mngebadilisha jina la duka, mngeanza kuuza mkaa, bado ingekuwa ile ile. Lakini mwenyewe akiondoka, biashara ni ya mtu mpya, na mtu mpya anatumia yake. Mkiungana wawili mkafungua kampuni, kampuni nayo inapewa yake. Ya marehemu tunaifunga, baada ya hesabu zake kumalizwa."

Tunaifunga. Alisema kama mtu anafunga dirisha.

Nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Nilikaa na ile simu, Hooyo. Mwenye hoteli akapiga, nikasema mtandao umesumbua. Akapiga tena, nikasema mtoto ana homa. Mtoto hakuwa na homa. Sumeya wangu hana sare ya shule, na mimi nimekalia ndoo za kila wiki, kwa sababu sitaki watu waache kulisoma jina lako. Mume wangu aliona. Siku moja tu aliniuliza pole pole, "Fardosa, unamngoja nani?"

Aliyeniamsha ni Abti, ndugu yako. Alikuja kunywa chai, akamwona mteja analipa, akalisikia jina lako. Kikombe akakiweka chini. Akaniuliza, "Hii pesa inaingia kwa nani?" Nikasema kwa Hooyo. Akasema, "Na kodi yake iko juu ya nani?"

Nikageukia mikebe nikaanza kuipanga.

"Maiti hauzi nyama, Fardosa. Unauza wewe, unamwandikia yeye. Dada yangu alikwenda hana deni la mtu, alilipa mpaka deni la chumvi. Wewe sasa unamfuata kaburini na deni jipya kila asubuhi?"

Hooyo, nilisikia baridi, na unajua jua la huku. Tangu utotoni tumefundishwa deni linamshika maiti mpaka lilipwe. Na mimi nilidhani nakupenda. Nilidhani nakuweka hai, kumbe nakushikilia hapo mlangoni, huwezi kwenda.

Kesho yake nilirudi. Yule mama wa dirishani alinikumbuka, akasema, "Mtoto amekua." Tulimaliza hesabu zako, na zile za baada yako, nikalipa zote. Halafu wakanipa yangu. Imeanza na herufi, imeisha na herufi, katikati nambari nyingi. Yule mama akasema nisiisahau. Nikamwambia sitaisahau, ni bini yangu. Hakuelewa. Nilicheka peke yangu pale foleni, machozi yananitoka, watu wananitazama, Suhayb ananivuta mtandio.

Ile karatasi ya ukutani niliibandua mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine aiguse. Nikabandika mpya, yenye namba yangu ya kulipia, safi, haina alama ya kidole. Siku hiyo nyumba ilikuwa kimya. Mwalimu akalipa, akasoma, "Fardosa Abdi Noor," akaniangalia, akasema, "Sawa, mama." Mwenye punda hakusoma chochote. Nilifunga mapema nikalala na ule mtandio wako wa kijani juu ya uso. Harufu imebaki kidogo sana, Hooyo. Nimeacha kuufua na bado inaondoka.

Halafu akapiga yule rafiki yako wa soko la Hagadera, Mama Shukri, mliyekuwa mnagombana naye kwa simu kila Alhamisi na hamkuweza kuachana. Mazishi hakufika, njia ilikuwa mbaya. Alilipa kama kawaida, kwa namba mpya niliyowatumia wateja, mwanawe akamsomea jina. Akanipigia anawaka moto.

"Pesa yangu imekwenda kwa mwanamume! Abdi Noor ni nani? Mimi sijawahi kununua nyama kwa Abdi Noor! Rudisha kabla sijapanda gari!"

Nikamwambia, "Habaryar, mama mdogo wangu, tulia. Ni mimi, Fardosa. Abdi Noor ni baba."

Nikasikia soko nyuma yake, mbuzi, watoto. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Ina Habibo?"

Mtoto wa Habibo. Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu uende.

"Ndiyo," nikasema. "Ina Habibo."

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo!" akaanza tena. "Basi sikiliza, ina Habibo, ongeza mafuta kwa ndoo yangu. Mama yako Mungu amrehemu alikuwa mchoyo wa mafuta na hakukubali hata siku moja!" Akacheka, nami nikacheka, halafu sote wawili tukalia kwa simu na salio lake likaisha.

Hooyo, mafuta sikuongeza. Ndoo ya kwanza ya Dadaab imekwenda. Risiti nilijifunza kuitoa mwenyewe, mara ya kwanza nilikosea, ya pili ikakubali. Sumeya amepimwa sare.

Nakuaga sasa, Suhayb ameamka. Nakutamani kwa vitu vidogo, hata ule mlio wa ndala zako. Sikuzuii tena. Nakuahidi nitafanya kazi yangu kwa jina langu, nitalipa kila kinachonipasa, na hakuna mtu wa dunia hii atakayekuja kugonga huko kwako kwa sababu yangu.

Lala, Hooyo. Anayedaiwa sasa ni mimi.

Mtoto wako,
Fardosa