Wa Kushoto Anacheza

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa sababu nimechanganyikiwa na sijui nianze na mke wangu au nianze na baiskeli.

Mimi ni shemasi wa kanisa hapa Emali na kila Jumapili humbeba mke wangu, Mbula, kwenye keria hadi ibadani, na sasa ni mwezi mzima baiskeli inalia "kok" kila pedali ikimaliza mzunguko, nikiacha kukanyaga inanyamaza, na mguu wa kushoto unashtuka kama umekosa ngazi, basi nikatia cheni mafuta, nikakaza kiti, mwisho nikachomeka kipande cha mkebe kando ya pini inayoshika mkono wa pedali nikakipaka grisi kisionekane, maana naona aibu kumpelekea fundi Ndolo kitu nilichokiharibu mwenyewe, na Jumatatu aliponikuta stesheni akainama kutazama, nikapanda nikaenda zangu kabla hajafungua mdomo. Jumanne Mbula alirudi kutoka sokoni bila kunisalimu, nikamuuliza, "Mama Mulei, kuna nini?" akasema, "Nimeambiwa mbele ya watu. Huyo wako wa kushoto anacheza, na wewe unamficha. Umlete aonekane." Nikauliza wa kushoto gani, akasema, "Uliza benchi ya kwaya," na kwenye benchi ya kushoto anakaa Kasyoka, yule wa sauti ya kwanza, na kanisani kwetu anayecheza dansi hutengwa, nami sijawahi hata kumsalimu huyo dada nje ya ibada, lakini wazee wameniita Jumapili baada ya mahubiri niseme ni nani ninayemficha, na Mbula amesema hapandi tena baiskeli yangu. Mshauri, nitakiri nini nami sina cha kukiri?

Kivuva, Emali

Ndugu Kivuva,

Cha kukiri unacho. Ni kipande cha mkebe.

Soma barua yako tena. Jumatatu Ndolo aliinama akatazama pedali. Jumanne mkeo akapewa habari sokoni, bila shaka na Ndolo huyo huyo. Sisi Wakamba tukizungumza Kiswahili kila kitu huwa mtu: mkono "anacheza", cheni "anakataa". Wa kushoto ni mkono wa pedali, anacheza maana yake umelegea, na unamficha kweli, chini ya grisi. Usiniamini mimi tu. Nenda kwa Ndolo leo, umuulize alimwambia mkeo nini. Pole kwa fedheha, lakini umeitafuta. Ungesimama dakika moja pale stesheni, Kasyoka angekuwa anaimba kwa amani.

Jumapili usiende na hotuba, nenda na baiskeli na Ndolo. Ng'oa mkebe kwanza. Mbula mwenyewe, si mzee wa kanisa, ashike mikono ya pedali. Aubane wa kulia usisogee, autikise wa kushoto juu na chini. Ukisogea peke yake, pini imelika. Kisha aisukume mikono kuelekea fremu na kuivuta nje. Yote miwili ikiyumba pamoja, ubovu uko ndani, kwenye gololi na bakuli zinazozishikilia. Hapo Ndolo afungue, asafishe, abadilishe zilizochimbika. Kwa dalili ulizoandika naona ni pini, lakini apime yote mawili.

Pini iwe mpya. Inapogongwa, mkono uegemezwe juu ya gogo, la sivyo nyundo itaziumiza gololi. Nati ni ya kuishikilia tu, si ya kuivuta ndani. Ukishaendesha siku mbili, ikazwe tena, na kabla ya hapo usimbebe mtu. Mbula amekataa kupanda kwa sababu isiyo ya kweli, lakini amefanya vyema: pini ikichomoka kwenye mteremko, yeye ndiye atakayeanguka, na hapo hutaweza kukisingizia Kiswahili.

Kasyoka mwombe radhi, mkeo akiwa hapo.

Na Mbula akishausikia mkono ukicheza kiganjani mwake, wewe nyamaza. Mwache awaambie wazee yeye.