Mafuta ya Mkono wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya nne tangu tumrudishe mke wangu kutoka hospitali. Kiharusi kimechukua upande wote wa kulia, na maneno. Anaelewa kila kitu. Ukimwuliza jambo anatikisa kichwa au anainua mkono wa kushoto. Lakini kinywani hakitoki kitu zaidi ya pumzi.

Asubuhi alikuja mtaalamu wa viungo, mama wa makamo, mpole, viatu vyake vinalia kila anapopiga hatua. Alisema mkono na mguu vikandwe asubuhi na jioni, dakika ishirini, tena kwa mafuta ili ngozi isichubuke. Tukizembea, vidole vitajikunja na kubaki hivyo hivyo.

Mkandaji ni binti yetu mkubwa. Ameomba likizo ya wiki tatu kazini kwake. Nyumbani tunamwita Kamanda tangu akiwa na miaka mitano, na cheo hakijawahi kushuka. Alimimina mafuta ya nazi kiganjani, yakamponyoka, shuka likalowa hadi godoro. Mara ya pili hiyo kwa siku mbili.

"Kitanda kimekuwa kikaango," alisema.

Mtaalamu akacheka. Akasema yapo mafuta magumu, kama mche wa sabuni. Unaupitisha kwenye ngozi, joto la mwili linauyeyusha kidogo kidogo. Haumwagiki. Hata nyumbani unatengenezwa: nta ya nyuki, siagi ya shea, mafuta ya nazi, basi.

Nikasema nitatengeneza mimi.

Wote watatu wakanigeukia. Hata mke wangu.

Jumanne, 4 Machi

Miaka thelathini na moja nachomelea mageti. Nikadhani kuyeyusha nta ni mchezo.

Nta nimeipata kwa mama muuza asali, nyuma ya posta. Donge la manjano, linanuka asali na moshi. Nililikwangua kwa kisu, nikaliweka kwenye bakuli la bati, bakuli ndani ya sufuria ya maji yanayochemka — nta isiguse moto wenyewe, nilionywa. Ikayeyuka, nikatia siagi, nikatia mafuta. Nikamimina kwenye kitrei cha barafu.

Nta niliizidisha. Akili za karakana hizo: kinachoshika sana ndicho imara. Kilichotoka ni mshumaa. Kamanda aliupitisha kwenye shavu la mguu wa mama yake, ngozi ikabaki na mistari myekundu.

"Baba, huu ni wa kusugulia masufuria."

Mke wangu alichukua shuka kwa mkono wa kushoto akaufunika mguu. Hakunitazama.

Alhamisi, 6 Machi

Mche wa pili: laini mno. Niliuacha dirishani, kufika saa sita mchana umekuwa tope, na siafu wameshaitana. Nimefuta dirisha zima. Jikoni kote kunateleza.

Nilirudi kwa mama muuza asali na kichwa chini. Akaniuliza nilipima vipi. Nikamwambia kwa macho. Akasema macho ni ya kuchagulia nyanya — mafuta yanapimwa kwa mizani, sawa kwa sawa, vyote vitatu uzito mmoja. Jirani yetu mwoka keki ameniazima mizani yake.

Jioni Kamanda alikuwa bafuni. Nikaingia chumbani. Chumba cha mke wangu, siyo changu, mimi nalala cha nyuma. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya shuka, kiganja juu, vidole vimeanza kupinda. Nikasema, "Bibie, ngoja nikunyooshe hivi vidole." Nikaushika.

Kuuvuta hawezi. Akaja na mkono wa kushoto, akaubeba ule wa kulia, akauhamishia ng'ambo ya pili ya mwili wake, mbali nami. Taratibu. Kama mtu anavyomwondoa mtoto karibu na jiko.

Ana haki.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike tu, hakuna anayesoma hapa.

Miaka sita iliyopita nilihama nyumba hii. Mwaka mmoja na miezi mitano niliishi kwa mwanamke mwingine, mtaa wa juu, karibu kiasi kwamba mke wangu alikuwa akinikuta sokoni nikibeba kikapu cha mwenzake. Kabla ya hapo miezi mingi ya uongo — kazi nyingi, mteja wa mbali, geti la kanisa. Kule kulipovunjika nilirudi na begi langu. Alikuwa anaanika nguo. Hakupiga kelele. Alisema, "Chumba cha nyuma kiko wazi," akaendelea kuanika.

Tangu siku hiyo amenipikia, amenipa habari za watoto, amenizikia mama yangu kwa heshima zote. Lakini ngozi yake na yangu hazijakutana. Hata kupokezana kikombe, anakiweka mezani kwanza.

Na mimi sijawahi kusema lolote. Nilidhani kukaa kimya na kuleta nyumbani kila nilichopata kunatosha.

Leo baada ya chakula Kamanda alinikalisha.

"Tarehe ishirini naondoka, likizo inaisha. Mama nakwenda naye."

"Kwako kuna ngazi. Ghorofa ya tatu."

"Atabebwa. Hapa nani atamkanda?"

"Mimi."

"Anakuruhusu?"

Nikatazama meza.

"Baba, sikuulizi kwa ubaya. Vidole vinapinda. Havisubiri nyinyi wawili mpatane."

Alisema kweli, na alikuwa na machozi, akajifanya anatafuta chumvi.

Jumatatu, 10 Machi

Mche wa tatu, sawa kwa sawa. Umetoka! Mgumu mkononi, unalainika ukigusa ngozi. Nilikata bomba la plastiki vipande vifupi nikatumia kama kalibu, ukipoa unausukuma kwa kidole, unatoka mviringo kama kopo la dawa ya viatu. Tatizo lake ni chembechembe, kama mchanga ndani ya siagi. Mama muuza asali anasema nimeupoza polepole mno. Nitauweka kwenye maji baridi.

Nimeanza kuupaka na mimi. Viganja vyangu ni sandipepa — makovu ya cheche, sugu juu ya sugu. Hata kama angenikubali, ningemchubua. Nasugua kwa jiwe asubuhi, napaka mafuta, navaa soksi kuukuu mikononi. Karakana nzima inacheka. Mwenzangu ameniuliza kama nimeposwa.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya.

Mche wa nne ulikuwa safi. Hauna chembe, unang'aa, rangi ya maziwa yaliyotiwa asali. Nikajiona fundi. Nikasema nimalizie kazi, niutie harufu nzuri, maana chumba cha mgonjwa kinachosha kwa dawa. Duka la manukato lina vichupa vidogo vingi, nikanusa kimoja kimoja, kimoja kikanipendeza mara moja. Yasmini. Sikujiuliza kwa nini kilinipendeza. Matone kumi na mawili.

Kamanda aliuchukua kwa furaha. "Baba, huu wa dukani kabisa." Akakaa kitandani, akaupitisha mara moja tu kwenye mkono.

Mke wangu alivuta pumzi. Akafumba macho. Halafu akageuza uso ukutani, akaanza kujipangusa mkono kwa shuka, nguvu, nguvu, mpaka nikaogopa atauchuna. Akatoa sauti. Sauti ya kwanza tangu hospitali, na siwezi kuiandika.

Nilisimama mlangoni nikishangaa. Ndivyo nilivyo, nilishangaa. Kamanda akatoka, akaufunga mlango, akanibana pale kwenye korido.

"Unajua hiyo ni harufu ya nani?"

Hapo ndipo nilipojua.

"Mama alikuwa anafua mashati yako," alisema. "Mimi nikiwa kidato cha nne. Alikuwa ananipa ninuse — ati hii ni sabuni gani hii? Aliniuliza mara nyingi, Baba. Nilimwambia ni sabuni ya karakana. Nilikuwa nakusaidia kudanganya, bila kutumwa."

Alirudi ndani akamwosha mama yake mkono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mara tatu.

Mimi nimechukua miche yote iliyobaki nikaifukia nyuma ya nyumba. Bakuli nimelisugua kwa mchanga. Harufu haitoki mikononi. Mafuta mazuri ndivyo yalivyo, yanaingia.

Ijumaa, 14 Machi

Sikutengeneza kitu. Kamanda amerudia mafuta ya kumimina. Ametandika karatasi za plastiki, zinalia kila mgonjwa akigeuka.

Amekwishatoa sanduku la mama yake juu ya kabati.

Jumapili, 16 Machi

Nimetengeneza tena. Nta, siagi, nazi. Hakuna cha ziada. Kipande kidogo, cha kuenea kiganjani. Nimemkabidhi Kamanda mlangoni, sikuingia. Alikinusa kwanza, pande zote mbili, kama askari wa forodha. Ndipo akakipeleka.

Nilisikiliza nje. Kimya. Dakika ishirini. Halafu Kamanda akatoka, akasema, "Ameukubali."

Mafuta ameyakubali.

Jumatatu, 17 Machi

Mtaalamu wa viungo alikuja. Mguu una matumaini: leo kisigino kilisukuma. Mkono, hapana. Alimwambia afumbe macho, akawa anamgusa kwa ncha ya ufunguo, kuanzia vidoleni kupanda, na yeye atikise kichwa akisikia. Vidole, kimya. Kiganja, kimya. Kifundo, kimya. Juu kidogo ya kiwiko akatikisa. Mtaalamu akarudia mara tatu, kisha akachora mstari kwa kalamu ya bluu kuzunguka mkono.

"Chini ya hapa hasikii kitu," alituambia sebuleni. "Unaweza hata kumchoma asijue, kwa hiyo angalieni maji ya moto. Juu ya hapa anasikia kama wewe na mimi."

Nikamwuliza kama pale chini patarudi. Alitazama viatu vyake. Alisema mkandeni hivyo hivyo.

Jumatano, 19 Machi

Tiketi ni za kesho saa moja asubuhi. Sanduku limefungwa, liko mlangoni, nimeligonga mara mbili.

Asubuhi hii niliingia bila kubisha. Kamanda alikuwa anamchana nywele. Nikavuta kiti. Nilikuwa na mche mpya kiganjani, na maneno niliyoyapanga tangu juzi, yote yakapotea. Nikasema yaliyobaki.

"Bibie. Nilikukosea. Nilikudanganya, nikakuacha, nikarudi kama mtu aliyetoka dukani. Sikuwahi kusema. Nasema leo. Siyo kwa sababu ya safari. Ukitaka kwenda, nenda."

Kitana kilisimama. Kamanda akataka kutoka, mama yake akamshika gauni.

Alinitazama muda mrefu. Miaka sita sikuwa nimetazamwa hivyo. Hakulia. Uso wake upande mmoja tu ndio unaosema sasa, na upande huo haukusema nimekusamehe. Ulisema nimekusikia. Labda hata hilo naliongeza mimi.

Halafu akaubeba mkono wa kulia kwa ule wa kushoto. Nikajua anauondoa. Akauweka juu ya goti langu. Akauacha hapo. Ule wa kushoto akaurudisha kwake, akaubana kifuani.

Nilielewa. Amenipa ule usiosikia.

Nikaupokea. Nilipitisha mche kwenye kiganja, polepole, ukaanza kulainika. Kidole kimoja kimoja. Kidole gumba kigumu, kile kidogo kilikuwa kimejikunja, kikafunguka kidogo. Ana kovu la kisu la mwaka tuliooana, nililisahau. Nikapanda kifundoni, nikapanda. Yeye hatazami mkono. Ananitazama mimi. Najua hasikii chochote, na bado niliogopa kumchubua, kama fundi wa siku ya kwanza.

Nilipofika kwenye kiwiko nikapunguza. Nikautafuta mstari wa bluu, nisimame hapo hapo, nisiombe zaidi ya nilichopewa.

Haupo. Mafuta yameufuta. Sikuzote nta na nazi hutoa wino, nilipaswa kujua. Umebaki uvuli tu wa bluu, umetandazwa mkono mzima, na wangu pia.

Nikakaa na kiganja changu juu ya kiwiko. Sikushuka, sikupanda. Yeye alishusha macho, akatazama nilipofika. Akasubiri.

Kamanda akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nikabadilishe tiketi? Mbili, twende wote, au moja, wewe ubaki?"

Nikasema nakuja, naenda kunawa. Niko jikoni, naandika kwa kusimama, karatasi imeshaingia mafuta. Sijanawa. Mlango wa chumbani nimeuacha wazi. Namsikia Kamanda anauliza tena, mbili au moja, Mama, nionyeshe kwa vidole.

Kitanda kimelia. Kimya. Sasa Kamanda ananiita.