Ukili wa Mama Haukubali Mkono Wangu

Jumatano, mwezi wa Mfungo Tano, Kirongwe

Mvua imenyesha ikakatika, imenyesha ikakatika, tangu alfajiri. Chane za ukindu zimenyonya unyevu hadi hazitaki kukazwa, vidole vinaniuma, na leo nimefumua tena. Ni mara ya ngapi sitaki hata kujua. Nimefumua, basi.

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitamvunjia mtu heshima, na mtu mwenyewe ni shangazi yangu.

Mama alipofariki kabla ya Ramadhani aliacha ukili, utepe wa chane zilizosukwa wa kutosha kushona nusu mkeka, ameuviringisha vizuri na kuufunga kwa kamba ya usumba. Ni wa mkeka wa kitanda cha mdogo wangu, Mwanahawa, atakayeolewa baada ya maulidi. Chane nyeupe, na katikati ule mstari mwekundu wa mama unaokwenda kwa mapindi: unapanda, unageuka, unashuka, unageuka tena, haukosei mahali. Kwetu mkeka wa bibi harusi hutoka kwa mama yake. Siku ya kutandika kitanda wanawake wa upande wa mume huja, wakaupitishia viganja, wakachungulia maungio, ndipo wapige vigelegele.

Au wasipige.

Mama hayupo, nimebaki mimi. Na mimi si mvivu wala si mgeni wa kazi hii. Nimesuka mikeka tangu sijavaa kanga, na watu wanailalia mpaka leo. Lakini mkono wangu na wa mama haipatani. Yeye alikuwa akitangulia na kulia, mimi natangulia na kushoto. Kula nakula kwa kulia, kalamu hii naishika kwa kulia kama marehemu baba alivyonifundisha chuoni, ila nikishika chane tu, kushoto kunakimbilia mbele. Kwa hiyo pale mstari wa mama unapopanda, wangu unashuka. Nimejaribu kuanzia nusu pindi mbele ili mistari ikutane. Mistari ikakutana kweli, lakini chane zenyewe zikalala upande mwingine, na kiungo kikavimba kama kidole kilichoumwa na nge.

Nimejaribu pia kusuka kwa kulia. Loo! Aibu tupu. Ukili ulitoka umelegea na kupinda, hata kuku asingeutagia.

Basi asubuhi akaja shangazi Mwanaasha, dada yake baba, ambaye macho yanamsumbua kuona uzi lakini kosa la mtu halimponyoki. Hata shikamoo yangu hajamaliza kuiitikia, keshauinua ukili. Akapitisha kidole gumba, kikafika kwenye kiungo, kikasimama.

"Mkeka wa bibi harusi ni mkono mmoja," akasema. "Huu wa mama yako tushone msala. Wewe anza wako upya."

Nikamwambia mama ameuacha kwa ajili ya kitanda cha Mwanahawa, si kwa msala.

"Nilimwambia mama yako zamani, samaki mkunje angali mbichi. Mkono huo ungechapwa ungali mdogo, leo tusingehangaika."

Mimi si samaki, shangazi. Hilo sikulisema, nimeliandika hapa.

Kinachonichoma ni kwamba ana haki. Msala ni kitu cha heshima, mtu atausalia, na thawabu zitamfikia mama huko aliko. Mkeka mpya nikiukazania naweza kuuwahi. Hakuna atakayenilaumu. Lakini Mwanahawa ni kitinda mimba, alilala kifuani kwa mama mpaka meno yanamtoka, na siku anayokwenda kwa watu nimpe mkeka wa dada tu? Mama alisuka huku anakohoa. Nilikuwepo, nilimshikia kikombe. Kila akipumzika alikuwa anasema kamalizia pindi moja zaidi. Nami niuchukue ukili huo nikaushonee msala kwa sababu kushoto kwangu hakusikii!

Nililia kidogo. Halafu nikasikia njaa, nikala muhogo wa jana, nikalia tena.

Baada ya alasiri shangazi alikwenda zake, nikafumua kile kipande changu kwa hasira mpaka chane zikatapakaa sakafu nzima. Mwanahawa alikuwa ndani na mimi. Wiki hii hatoki, anasingwa kwa ajili ya harusi: uso wote umepakwa liwa, mikono manjano tupu hadi viwikoni, na amechoka kukaa kama bilauri ya mgeni. Akaja akaketi mbele yangu, magoti yetu yakigusana, akaokota chane.

"Nami nionyeshe, dada."

Huyu hajawahi kusuka hata kipepeo cha kupepea moto. Mama alikuwa akimdekeza, akigusa chane anaambiwa nenda kacheze. Sikuwa na nguvu ya kumfukuza. Nikaanza ukili mpya, polepole, yeye akifuata, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Alikuwa mzito, na analegeza pasipotakiwa kulegezwa. Nikamsahihisha mara moja, mbili, kisha nikatazama vizuri kile alichoshika.

Mstari mwekundu ulikuwa unapanda.

Nikauchukua ukili wa mama nikauweka ubavuni mwa ule wake. Chane zimelala upande ule ule. Pindi linageuka kule kule. Kazi mbovu, ya mwanafunzi, lakini ni mkono wa mama. Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Si wewe? Nakutazama wewe tu."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikajiona mjinga wa kutupwa. Mimi nilijifunza kusuka nikiwa nimeketi mbele ya mama, uso kwa uso. Kulia kwake kulikuwa upande wa kushoto kwangu, nami nikafuata nilichokiona. Na kwa nini sikuketi ubavuni pake kama watoto wote? Kwa sababu ubavuni palikuwa na mtoto mchanga amelazwa, akiguswa analia. Mtoto mwenyewe ndiye huyu, kapakwa liwa, ananitazama na kuuliza kama amekosea.

Nikamwambia hajakosea.

Nasema kweli: sikufurahi kwanza. Niliona wivu. Miaka yote hii nimesuka mimi, nimechubuka mimi, na mkono wa mama umekwenda kwa asiyejua kuchana hata ukindu. Nilimpa mgongo nikajifanya natafuta kisu.

Na shida haijaisha. Bibi harusi hashiki kazi. Tena ajisukie mkeka wake mwenyewe! Watasema huyu hana kwao, kakosa hata wa kumsukia. Shangazi akisikia atazimia, akizinduka atanipiga. Na angalia chane alizoshika leo, zote zimeshika manjano. Wakiuliza nitasema rangi ya duka la Mhindi wa Chole imechuja. Mungu anisamehe.

Lakini ukili wa mama haushonwi msala. Hilo limekwisha.

Kesho shangazi akija, akishaondoka nitafunga mlango na kuketi mbele ya mdogo wangu. Nitasuka ukili wangu wa kinyume, taratibu, pindi kwa pindi, ili aone na kufuata. Huo wangu hautashonwa popote, nitaufumua jioni. Wake utaanzia pale mama alipoishia.