Aliuliza Mara Moja Tu

Mpendwa mdogo wangu Verna,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi, wewe pamoja na shemeji Lyle. Natumaini joto la Arizona linawakubali, na kwamba magoti ya shemeji yametulia. Kwa kawaida mstari unaofuata ningeandika kwamba sisi tu wazima, hofu ni kwenu. Leo nimeuruka. Usishtuke, hakuna aliyekufa, ila nimeuchoka mstari huo kama kiatu kinachobana.

Kesi ya shemeji yako Orlin imekwisha. Wakili wetu, Dale, yule mtoto wa marehemu Arvid wa duka la mbegu, alikuja mwenyewe badala ya kupiga simu, na alipokaa jikoni bila kuvua koti nikajua habari ni mbaya. Alisema kampuni ya bima ya lile lori haitagharamia upasuaji wa mgongo, na kwamba tukienda mbele ya jaji tutaaibika bure. Basi upasuaji haupo. Na kwa kuwa mume wangu hawezi tena kuinama chini ya ng'ombe, ng'ombe wanaondoka wiki ijayo, wote, hata yule mweupe aliyezaliwa siku ya mazishi ya Baba.

Ajali unaifahamu, lakini yaliyofuata huyajui, maana kwenye simu sisi huzungumzia mvua na theluji tu. Lile lori la viazisukari lilipotugonga pale njia panda, dereva alikiri papo hapo kwamba alisinzia. Unadhani shemeji yako alifanya nini? Alishuka kwenye pikapu amejishika kiuno, akampa dereva mkono, akamuuliza kama ameumia na kama kuna mtu wa kumpigia simu. Polisi alipotaka kuita gari la wagonjwa, Orlin alimwambia asihangaike, sote tu salama, na ng'ombe wanangoja kukamuliwa. Akaenda kukamua. Akaendelea hivyo hadi mavuno yakaisha na theluji ikaanguka, na kwa daktari hakwenda mpaka asubuhi aliyoshindwa kuvaa soksi.

Daktari wa zahanati siku hizi ni kijana kutoka Florida, mtu mwema, sina neno naye. Alimuuliza Orlin anajisikiaje. Orlin akasema, “Si mbaya sana.” Verna, wewe na mimi tunajua kwamba mtu wa huku akisema si mbaya sana, mwite mchungaji. Kijana wa Florida akaandika vilevile alivyosikia. Halafu akasema angeweza kumpeleka mjini akapigwe picha ya uti wa mgongo kwenye ile mashine kubwa. Orlin akajibu, “Aa, usijisumbue, daktari.” Alikuwa anavunga tu, kama sote tunavyovunga. Alikuwa anangoja aulizwe tena ili akatae tena, ili mara ya tatu aseme haya basi, kama si taabu. Ndivyo Mama alivyotulea. Mtu anayepokea kahawa kwa kuulizwa mara moja ni mlafi. Daktari akasema sawa, akaandika kwamba mgonjwa amekataa. Njiani kurudi nyumbani Orlin aliniambia kwa masikitiko kwamba yule kijana hakulelewa.

Mazoezi ya viungo nayo alikwenda kidogo tu. Alipoona pale kwenye benchi kuna bibi aliyevunjika nyonga, akaona anamzibia nafasi mwenye shida zaidi, akaacha kwenda na wala hakumwambia mtu. Nilipomgombeza alisema mgongo ni wake. Kumbe haukuwa wake peke yake, ulikuwa wangu pia, na wa ng'ombe, na wa nyumba nzima.

Sasa nikueleze kilichonichoma. Bima walimtuma wakili wao kuja kutuhoji kwenye ofisi ya Dale. Mwanamke nadhifu, anaitwa Marit Ostby, na si mgeni. Kakulia wilaya ya jirani, babake alikuwa akiimba kwaya na wajomba zetu. Kabla hatujaanza akamuuliza Orlin kama atakunywa kahawa. Orlin akasema hapana, asante. Akamwambia, jamani, imeshachemka. Orlin akasema asijisumbue kwa ajili yake. Akatabasamu, akasema, “Nusu kikombe tu, mzee, itamwagwa bure.” Orlin akapokea, na nikaona mabega yake yameshuka kwa raha, kwamba leo tupo na mtu wetu.

Huyo huyo, kikombe kikiwa bado kinafuka, akafungua karatasi za daktari. Akauliza kama ni kweli alisema si mbaya sana. Orlin akasema ni kweli. Kama ni kweli alipewa nafasi ya picha akaikataa. Ni kweli. Kama ni kweli aliacha mazoezi kwa hiari yake. Ni kweli. Akauliza kwa upole, mtu mwenye maumivu makali anakataaje kutibiwa? Orlin akatazama kahawa yake. Alijua, Verna! Yule mwanamke alijua usijisumbue yetu maana yake nini, alikuwa ametoka kumuuliza mara tatu kwa mdomo wake mwenyewe. Sikufundishwa kuchukia watu, lakini yeye nimemchukia, na naona nina kipaji.

Nimezunguka sana. Utakuwa umeshaona mwandiko huu umelewa. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Lori lile lilitugonga upande wangu. Wote mmelisahau hilo, kwa sababu nilishuka nikitembea na jioni nikapika. Ilianza shingo, halafu bega, na tangu Pasaka vidole vya mkono wa kulia havisikii kitu. Siku ile kwa daktari, alipomaliza na Orlin, alinigeukia akauliza, na mama je, hukuumia? Nikacheka nikasema, mimi tena, nina nini mimi. Naye akauliza mara moja tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kimeniumbua kikombe cha Mama kile cha maua ya bluu, kilichoniponyoka mbele ya Dale siku aliyoleta habari. Nilipomsindikiza mlangoni nikamweleza yote. Alivaa kofia, akaivua. Akasema sasa hivi, baada ya kesi kuanguka, na hakuna daktari hata mmoja aliyeandika neno, watasema nimetunga. Orlin bado hajui. Anadhani nimekuwa mzembe uzeeni. Asubuhi yeye hawezi kuinama na mimi siwezi kufunga kifungo, na tunavishana hivyohivyo, kila mtu akimwambia mwenzake hajambo.

Na wewe nina neno na wewe. Mwezi uliopita kwenye simu uliniuliza kama ungekuja kutusaidia kidogo. Nikakwambia usijisumbue, majirani wapo. Ukasema haya, ukaanza kunisimulia mchungwa wenu. Nilikaa nimeishika simu hata baada ya kukata, nikisubiri upige uulize tena. Uliondoka huku ukiwa na miaka thelathini, Verna, si mtoto. Ulisahau, au ulikumbuka ukaona afadhali kusahau? Nimekukasirikia mwezi mzima, na nimekasirika zaidi nilipotambua kwamba sina haki.

Basi sisubiri uulize mara ya pili. Njoo. Nakuomba uje kabla malori ya ng'ombe hayajafika, kwa sababu mtu lazima asimame na Orlin uani siku hiyo, na mimi peke yangu sitoshi.

Msalimie shemeji Lyle, na watoto ukizungumza nao. Ukifika nitakuuliza kama unataka kahawa. Nitakuuliza mara moja tu, na wewe useme ndiyo.

Ni mimi dada yako, si mzima,

Ardis