Jina Lililotoka kwa Majivu

Majengo, Dodoma
14 Agosti 2001

Mdogo wangu Augustino,

"Maandishi ya leza hayafutiki. Yakifutika, aliyeyafuta alikusudia." Ndivyo ulivyoandika, na maneno hayo yalisomwa mbele ya kikundi kizima. Si kweli, na nitakuonyesha kwa nini. Lakini kwanza marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi huku hatujambo, ila upepo wa mwezi huu unatutilia vumbi hadi kwenye unga. Mguu wangu umepona. Natumaini wewe, Evelina na watoto ni wazima huko Dar es Salaam, na kikohozi cha yule mdogo kimekwisha.

Unazikumbuka sufuria ishirini na nne za kikundi chetu cha kuzikana, tulizokutumia kwa treni mwezi wa pili, ukaziandika MAJENGO ubavuni na kwenye mifuniko. Msibani vyombo vya vikundi huchanganyika, na sufuria isiyo na jina hairudi kwao. Zamani fundi alitugongea herufi kwa msumari na nyundo. Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema huo ni ushamba, ndugu yangu ana mashine ya kisasa. Ni mimi huyuhuyu ambaye, tangu shirika letu liuzwe nami nipunguzwe kazi, nayaandikia magazeti kulaani kila kinachoshushwa bandarini. Chako sikukilaani.

Tereza, mtunza vyombo wetu, hakukubali. Sufuria ziliporudi alipitisha ukucha juu ya herufi, akasema haukwami popote, basi hiyo si nakshi, ni rangi. Nilimjibu mbele ya watu kwamba leza haipimwi kwa ukucha uliotoka kumenya karanga. Wakacheka sana. Yeye akasema haya, Katibu, majivu yatatuambia.

Juzi nilimwendea Silvano, fundi mitambo, nikamwomba anieleze bila kupamba maneno. Alisema mwanga wa mashine kama yako hauonekani kwa macho. Lenzi huukusanya ukawa nukta moja yenye joto kali, na kompyuta huiongoza nukta hiyo ifuate herufi. Mbao huungua, plastiki huyeyuka, lakini alumini tupu huurudisha mwanga huo kama kioo. Ipo leza ya aina nyingine inayokichimba chuma chenyewe, kikageuka moshi na kuacha mfereji ambao ukucha unausikia. Yako si hiyo. Ndiyo maana ulipaka kwanza ile dawa ya kijivu, leza ikaioka mahali pa herufi, nawe ukaosha iliyobaki. Kwenye chuma kisichoshika kutu dawa hiyo hung'ang'ania. Kwenye sufuria ya alumini inayosuguliwa kwa majivu na mchanga kila msiba, haina maisha. Silvano aliniuliza kama hatukuwa na mtu wa kutuambia hayo.

Mwezi wa sita tulipika msibani Ihumwa. Wakati wa kugawana vyombo, sufuria tisa hazikuwa na jina, na wenyeji wakasema ni zao, wakaziingiza ndani. Hapo ndipo nilipokuandikia, nawe ukajibu kwa maneno yale niliyoyanukuu. Watu wakaona kwamba anayekaa na vyombo ndiye aliyefuta majina. Tereza alitolewa kwenye kikundi. Hakulia. Alimkabidhi mwenyekiti wetu, Mwanasha, ufunguo wa stoo, akasema mama yake yuko kitandani tangu Pasaka, na siku ikifika atachota maji mwenyewe na kupika mwenyewe. Mtu huyo amepika kwenye misiba thelathini na moja ya mtaa huu. Nina daftari, nimehesabu.

Sasa nisome vizuri. Wiki ileile sufuria zilipofika, nilichukua mfuniko mmoja nikausugua kwa majivu nyuma ya jiko langu, ili niende nao mkutanoni nimwaibishe Tereza. Herufi zilianza kutoka kabla mkono wangu haujachoka. Nikauficha uvunguni. Kwa hiyo nilijua. Nilijua nilipokuandikia, nilijua nilipoisoma barua yako kwa sauti kubwa, na mkono wangu ndio uliotangulia kunyooka kumtoa.

Kama na wewe ulijua, sina hakika. Chupa ya dawa ina maelezo, na wewe unajua kusoma.

Mwanasha anakusalimu, ingawa hajui bado ninachokuandikia. Wabusu watoto, mwambie Evelina karanga zake nimezitenga.

Kikundi kinakutana Jumapili ya tarehe 26, saa nane mchana, nyumbani kwa Mwanasha. Wewe na Marko, mwenzako wa mashine, pandeni gari mje. Leteni chupa ile, na mumweleze Tereza kwa vinywa vyenu mlichotuuzia. Mfuniko nitauleta mimi, na nitasema wa kwanza. Msingoje mama yake afe.

Dada yako,
Scolastika